Gari Lililovaa Kandambili

Mshauri wangu, naomba unisaidie, na tafadhali usinicheke, maana kila nikijaribu kulisema jambo hili kwa sauti naona linageuka kichekesho, na si kichekesho hata kidogo, lina watoto wangu wawili ndani yake. Nakusoma kila Jumapili kabla sijaingia jikoni, najua huna huruma na wajinga, lakini nimekosa pa kukimbilia.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, mume wangu ni nesi, na tuna gari letu moja la zamani ambalo lilikuja kwetu likiwa limeshapita mikono ya watu wengi, ila injini yake haijawahi kutuangusha, na mume wangu analipenda kiasi kwamba akiliosha huwa anaongea nalo. Sasa gari hili lilianza kugonga upande wa mbele, kila tukipita shimo au tuta ni ko-ko-ko, utadhani kuna mtu chini anabisha hodi, na mimi nikawa naona aibu kwa sababu tukifika mahali watu wanageuka kututazama, na jirani yetu akaanza kutania kwamba yeye hahitaji saa, akisikia ko-ko-ko anajua nesi ametoka zamu. Basi wimbo wangu ukawa mmoja, baba watoto, iondoe hiyo kelele, baba watoto, hiyo kelele inatudhalilisha, mpaka siku moja akaenda likaangaliwa, akaambiwa boljointi za mbele zimekwisha, vile viungo vinavyoshika gurudumu lisitoke mahali pake, na bushi nazo zimelika, zile raba zinazokaa kati ya chuma na chuma, kulia na kushoto, vyote vibadilishwe.

Alivinunua mwenyewe, vipya, kwenye maboksi, akavipanga mezani kwetu na kuniita nije nitazame kama mtu aliyeniletea dhahabu. Na kwa kuwa mdogo wangu wa kiume ni fundi magari hatukuhangaika kutafuta mwingine. Mdogo wangu huyu watu wote wanamwita Sasahivi, kwa sababu ukimwuliza chochote jibu lake ni hilo, nakuja sasa hivi, namaliza sasa hivi, na anafanyia kazi zake uani kwa mama yetu. Tukaenda sote, watoto wakacheza, mimi nikamsaidia mama kufua, na jioni Sasahivi akampa shemeji yake ufunguo, tukajaribu gari kwenye tuta la pale mtaani, kimya. Kimya kabisa. Mume wangu alimkumbatia akamwambia, "Shemeji, umenirudishia gari langu." Siku hiyohiyo wakati wa kuondoka nikatafuta kandambili yangu moja nisiione, mama akasema, "Itakuwa mbwa huyo wa jirani," nikarudi nyumbani na viatu vya mama, sikufikiria tena.

Wiki iliyopita usukani ukaanza kuvuta kushoto, na tairi la mbele nikaona limelika upande wa ndani tu kama limepigwa msasa, mume wangu alikuwa kazini, nikaona nimrahisishie, nikalipeleka kwa fundi wa matairi apime alaimenti, ule mkao wa magurudumu. Ni mtu wa maneno mengi, anaongea hata na jeki. Akaliinua, akashika gurudumu juu na chini akalitikisa, likacheza, akaingia chini, nikamsikia anacheka peke yake.

"Mama, njoo uone. Hili gari limevaa kandambili."

"Limevaa nini?"

"Kandambili. Tena mguu mmoja tu, wa pili sijui liliuacha wapi."

Akachokonoa kwa bisibisi mahali pa bushi, kikatoka kipande, kikatoka kingine, akaniwekea mkononi. Rangi ya pinki, mshauri. Ua jeupe nusu. Na kwenye kisigino ile alama ya kuungua niliyoiweka mwenyewe siku nilipoidondoshea pasi. Nikasema, "Hii ni yangu." Akasema, "Basi pole, nikufungie kwenye karatasi?" Lakini alipotikisa tena gurudumu akaacha kucheka, akaniambia hiyo boljointi ni ileile ya zamani, imeshindiliwa grisi tu, ikichomoka gurudumu linalala ubavu na gari linakwenda linakotaka lenyewe, mama, liache hapahapa. Sikuliacha. Ningeliacha, mume wangu angeuliza kwa nini. Nikalirudisha nyumbani taratibu, vipande vya kandambili vimekaa kwenye kiti cha pembeni kama abiria.

Kesho yake nikaenda kwa mama. Nikamkuta Sasahivi anakula.

"Boljointi za shemeji yako ziko wapi?"

"Zipo."

"Zipo wapi?"

"Kwenye gari."

"Gari gani?"

Akamtazama mama. Mama akatazama sufuria. Ndipo yakatoka. Mdogo wangu ana mchumba, na baba wa mchumba ana gari la aina ileile kama letu, na mzee huyo alilalamika mbele yake kwamba mbele kunagonga, na mdogo wangu, kwa kutaka sifa, akasema, "Sasa hivi, baba," akaenda kumfungia vifaa vyetu. Tulipompelekea gari letu alikuwa ameshavifunga kule tangu siku iliyotangulia, maana mume wangu alivitanguliza kwake. Akakosa cha kutufungia, na shemeji amesimama uani anasubiri. Akaona kandambili.

"Ilikuwa ya kushikilia tu, dada. Nilitaka nivirudishe wiki ileile."

"Na wewe mama ulisema mbwa!"

"Ningesemaje?" mama akajibu. "Kwani gari lenu lina kelele?"

"Halina."

"Basi kelele unayo wewe. Mwache mdogo wako aoe kwanza. Mzee wa watu amemsifia kila mahali, leo akisikia gari lake limevalishwa vitu vya mwenziwe, ndoa ipo hapo? Usimwanike mdogo wako."

Nikarudi nyumbani nikaficha ufunguo kwenye kopo la vifungo. Mume wangu amepindua nyumba nzima, na kwa vile Jumamosi hii amepanga tuende sote kwa mama yake, barabara ya mteremko, ile yenye kona na malori, akaamua mimi nimeficha ufunguo kwa sababu sitaki kwenda ukweni, tukagombana, akaniambia maneno kuhusu mimi na mama mkwe ambayo hata si ya kweli, nikayameza. Halafu juzi akakumbuka ufunguo wa akiba aliouacha kwenye kabati lake kazini, akaja nao, na jana asubuhi akawaita watoto awapeleke shule. Nilikuwa mlangoni na pasi mkononi. Nilifungua mdomo, mshauri, naapa nilifungua mdomo niseme, na kilichotoka ni, "Endesha polepole." Akacheka, akasema, "Leo umenionea huruma." Wakaenda. Nilikaa kwenye cherehani nikashona mkono wa shati nje ndani, nikaufumua, nikaushona tena nje ndani. Zamani ningesikia ko-ko-ko toka mbali nijue wamefika salama. Safari hii sikusikia kitu mpaka mlango ulipofunguliwa.

Nifanye nini? Nikisema, nimempoteza mdogo wangu na mama hatanisamehe. Nikinyamaza, Sasahivi ameapa atatengeneza kabla ya Jumamosi, lakini unalijua sasa jina lake. Au nijifanye mgonjwa safari iahirishwe? Namba yangu ya simu nimeiweka hapo chini ila tafadhali usiichapishe.

Dada wa Fundi

*

Dada wa Fundi,

Safu hii hutoka Jumapili. Safari yenu ni Jumamosi.

Nilisoma barua yako nimekaa, nilipofika kwenye mteremko wenye kona na malori nikawa nimesimama. Umesema unanisoma kila Jumapili kabla hujaingia jikoni, kwa hiyo hukukosea hesabu ya siku. Uliniomba ushauri utakaokufikia baada ya jambo kuwa limeshatokea. Nimekaa kwenye kiti hiki miaka mingi, nimesoma barua za wazinzi, walevi na watu waliouza nyumba za wazazi wao wakiwa hai, na sijawahi kushtuka hivi, kwa sababu wale wote walijua wanafanya ubaya. Wewe ulidhani unasubiri.

Kwa hiyo nimefanya nisilolifanya kamwe. Nilikupigia simu Alhamisi, barua yako ikiwa bado mkononi, na kwa ruhusa yako wasomaji watasikia tulichoongea.

"Mshauri," ukaninong'oneza, "mbona umepiga? Mimi nilitaka unijibu gazetini."

"Mume wako yuko wapi?"

"Yuko nje. Anaosha gari."

"Nenda kamwambie."

"Nimwambieje?"

"Una kandambili?"

"Ninayo. Kwenye kopo la vifungo."

"Basi mpe mkononi. Mdomo utafuata."

Ulilia kwanza, na nilikuacha ulie, lakini simu sikukata. Nikasikia mlango, nikasikia maji ya ndoo, nikasikia mwanamume anaimbia bodi la gari. Nikakusikia unamwambia. Ulimwambia yote, vizuri, kwa mpangilio, bila kumsingizia mtu. Hilo nakupa, na ni jambo kubwa. Sasa kaa chini nikuambie na yaliyobaki, maana huruma yangu imeishia hapo.

Kosa la kwanza ni lenu wawili, na limeanza kabla Sasahivi hajashika spana. Uliomba nini kwa mumeo siku zote zile? Uliomba kelele iondoke. Rudia barua yako, hakuna mahali uliposema, baba watoto, hilo gurudumu linashikiliwa na nini. Ulikuwa unaona aibu mbele ya jirani. Na mume wako alivyolijaribu gari pale kwenye tuta, alisikiliza. Hakuinama. Mtu anayepima mapigo ya moyo ya wagonjwa kutwa nzima aliridhika na kimya! Mgonjwa akinyamaza ghafla wodini, je, nesi huyu hukumbatia watu?

Hamko peke yenu, nakubali. Huu ndio ufundi tunaoupenda kila tulipo. Paa likivuja tunahamisha kitanda. Mtoto akilia darasani tunamtoa nje, hatuulizi ana nini. Taa nyekundu ikiwaka kwenye dashibodi kuna watu wanaibandikia plasta nyeusi na kuendelea na safari, nimepanda gari la mmoja wao, ana digrii. Tunalipa watu watuondolee habari mbaya, kisha tunashangaa habari zinapotufikia zote kwa mpigo.

Lakini kuna kosa na kuna kosa. Mdogo wako angechukua vifaa vyenu akaliacha gari ligonge, angekuwa mwizi wa kawaida, na wezi wa kawaida tunajua la kuwafanya. Mngeendelea kusikia ko-ko-ko, mngejua bado, mngeenda kwingine. Yeye alichukua vifaa, halafu akaziba mdomo wa kitu pekee kilichokuwa kinawaambia ukweli ndani ya gari lile. Akakabidhi ufunguo. Akakumbatiwa, na mikono yake ikarudisha kumbatio. Watoto wa dada yake walikuwa wanacheza hapohapo uani, naye alikuwa anaona ni nani watakaokaa kiti cha nyuma. Usiniambie ilikuwa ya kushikilia tu. Kandambili imetengenezwa kubeba mtu kwenda bafuni.

Mama yako simtukani, ni mama. Ila naomba umwulize swali moja kwa adabu zote: yule mzee wa watu anayeogopa kumpoteza, anajua anamwozesha binti yake kwa nani? Maana siku gari la binti huyo litakapogonga, mume wake atakuwa fundi, na nyumbani hakutakosa kandambili.

Na sasa wewe. Umejisainije? Dada wa Fundi. Una watoto wawili, una mume, una kazi yako ya heshima, na katika majina yote uliyonayo ukachagua hilo. Ulipokuwa mlangoni na pasi mkononi, aliyefungua mdomo alikuwa mama wa watoto, nakuamini, lakini aliyesema "Endesha polepole" alikuwa dada wa fundi. Boljointi iliyokwisha haijui polepole. Inachomoka ukigeuka kuingia getini, inachomoka ukipita tuta, na ikichomoka breki ni yako lakini gurudumu si lako tena. Ulimpa mume wako ushauri wa kumtuliza wewe. Kisha ukataka na mimi nikupe wa aina hiyohiyo, eti ujifanye mgonjwa. Ungeugua Jumamosi, Jumatatu je? Watoto wasingekwenda shule?

Basi sikiliza la kufanya, maana kulia umeshalia.

Gari lisitoke hapo lilipo kwa magurudumu yake, hata kwa gereji ya jirani, hata kwa mwendo wa kusukuma. Libebwe mgongoni mwa gari jingine. Lisivutwe kwa kamba, kwa sababu gurudumu lililo bovu ndilo litakalokuwa linazunguka.

Lipeleke kwa yule fundi wa matairi mwenye maneno mengi kama ana uwezo wa kazi hiyo, kama hana akuonyeshe mwenzake. Maneno mengi hayajamdhuru mtu, na alikuambia liache hapa. Boljointi mpya na bushi mpya, pande zote mbili kwa pamoja, hata kama upande mmoja utaonekana una uhai kidogo. Wakiwa chini huko waangalie pia ncha za rodi za usukani na shokapu, kwa kuwa kiungo kimoja kikilegea, majirani zake hubeba mzigo wake. Tairi lililolika upande libadilishwe, usilihamishie nyuma ukadhani umeliokoa. Alaimenti ipimwe mwisho, viungo vikishakaza, la sivyo mtakuwa mmepima hewa. Na mume wako akae hapo. Kila cha zamani kikitoka akishike mkononi mwake, kila kipya aone boksi likifunguliwa. Baada ya wiki chache lirudi kwenye jeki, gurudumu lishikwe juu na chini, litikiswe. Hapo ndipo mtu anakumbatia fundi.

Sasahivi ndiye atakayenunua vifaa hivyo, vyote, naye ndiye asiyevigusa. Asije kwenu akiwa nyuma ya mama. Aje peke yake, amtazame shemeji yake, aseme alichofanya kwa mdomo wake, kisha aende kwa huyo baba mkwe mtarajiwa aseme vilevile. Mzee asing'olewe chochote, maana najua kichwani mwa mdogo wako wazo hilo limeshapita. Yule hana kosa, na gari moja lisilo na miguu linatosha. Ndoa ikivunjika kwa sababu ya kweli hiyo, haikuvunjwa na dada. Ikisimama, itakuwa imesimama juu ya kitu.

Kwa mama mkwe, hata kama Jumamosi imeshapita, mwende kwa basi, na usiku mmoja mlale huko. Huyo mama ameingizwa kwenye ugomvi usiomhusu.

Limebaki moja, na hili sikuweza kukufanyia kwa simu. Ulipomaliza kumweleza, maji ya ndoo yalikuwa yamenyamaza. Nilidhani atauliza kuhusu vifaa, au kuhusu shemeji yake, wanaume wengi wangeanzia hapo. Aliuliza kitu kimoja tu, taratibu, nikakisikia chote.

"Siku ile nilipowapeleka watoto shule. Ulikuwa unajua?"

Hapo nikakata simu, kwa sababu jibu lile halikuwa langu kulisikia, na mpaka naandika sijui kama umelitoa. Kama bado, litoe leo, kabla hujaingia jikoni. Ni neno fupi. Usiliwekee "lakini", usiliwekee mama yako, usiliwekee machozi yatangulie. Sema ndiyo, na ubaki umesimama hapo. Atapiga kelele, labda leo, labda wiki nzima. Mwache apige, na safari hii usitafute cha kuizibia.